Pakiti usiitupe: maswali mnayoniuliza kuhusu chakula salama na bidhaa zinazoondolewa sokoni

Nimeendesha duka la rejareja Kisauni, Mombasa, kwa miaka 11. Duka sina tena, lakini kila serikali ikitangaza unga au dawa fulani ina kasoro, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni majirani, wateja wa zamani na jamaa wa ng'ambo ya Likoni. Mimi si daktari wala mkaguzi. Ninachokijua ni cha dukani na jikoni, na kile nilichojifunza kwa kuuliza wenye kazi zao mpaka nikaelewa. Haya ndiyo mnayoniuliza zaidi.

Bidhaa "kuondolewa sokoni" maana yake nini hasa?

Ni bidhaa iliyokwisha kufika madukani, pengine hata majumbani, kuitwa irudi ilikotoka kwa sababu imepatikana na jambo la kudhuru. Kwa vyakula vya viwandani, mambo mara nyingi huanzia kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS. Maafisa wake huchukua sampuli kiwandani na madukani wakaipime maabara. Ikifeli, kibali cha kutumia alama ya ubora husimamishwa, na mwenye kiwanda huamriwa aikusanye bidhaa yake.

Hapo yeye humwambia msambazaji, msambazaji akamwambia mwenye duka la jumla, na wa jumla akamwambia wa rejareja. Kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Mimi katika miaka 11 sikupigiwa simu na msambazaji hata mara moja kuambiwa "hiyo itoe rafuni". Nilisikia redioni, kama nyinyi. Kwa hivyo msidhani kwamba bidhaa ikiwa bado iko dukani basi imeruhusiwa. Huenda habari haijamfikia muuzaji.

Jina likishatajwa, niliogope maisha yote?

La. Novemba 2019 KEBS ilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na Januari 2020 zikafuata nyingine 17. Sizitaji hapa makusudi. Kibali husimamishwa, na kiwanda kikirekebisha na vipimo vikipita, hurudishwa. Jina lililotajwa mwaka ule si hukumu ya pakiti unayoinunua leo, na ambalo halikutajwa si kinga.

Na mara nyingi shida haiko kwenye jina zima, iko kwenye bechi, yaani mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Aprili 2024 Bodi ya Dawa na Sumu iliamuru dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin irudishwe baada ya Nigeria kuipima na kukuta kemikali ya sumu, daiethilini glaikoli, imezidi. Ilikuwa bechi moja, nambari 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini. Mama mwenye chupa yake alijua kwa dakika moja kama ni hiyo au siyo. Aliyekwisha kubandua karatasi ya chupa hakuwa na la kufanya ila kumwaga na kubaki na wasiwasi.

Kwenye pakiti nitazame wapi?

Shika pakiti ya unga ya kilo mbili uigeuze. Pembeni au nyuma utaona alama ya KEBS, na chini yake nambari ya kibali. Kisha tafuta pale palipopigwa muhuri wa wino, mara nyingi juu karibu na mkunjo. Hapo ndipo penye tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na nambari ya bechi. Wino huo hufutika ukishikwa na mkono wenye mafuta, kwa hivyo usome ukiwa bado dukani. Ukiwa hausomeki, mrudishie muuzaji akupe nyingine.

Nambari ya kibali unaweza kuihakikisha kwa simu yoyote, hata kabambe: andika SM#, fuatisha nambari yenyewe, utume kwa 20023. Jibu litakuambia ni bidhaa gani na ya kampuni gani. Jina la kwenye simu lisipolingana na la kwenye pakiti, alama hiyo imebandikwa tu. Nimewahi kufanya hivyo kwa chupa ya maji iliyokuja na mchuuzi mpya, jibu likaja la sabuni. Mzigo wote nilimrudishia.

Unga nimeshaumimina kwenye ndoo, na sasa wametangaza. Nitajuaje?

Hutajua. Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Ile Novemba ya 2019, siku ya pili baada ya tangazo, alikuja dukani mama mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima, na ndoo ndogo nyeupe ya rangi yenye kifuniko. Akaifungua juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na unga kiasi cha kilo tatu na kibaba juu yake.

"Mwanangu, hebu nitazamia. Unga huu ndio ule waliosema?"

"Bi mkubwa, pakiti yake iko wapi?"

"Pakiti nimekokea moto."

Tukasimama pale tukiutazama. Ulikuwa mweupe, mkavu, unanukia unga. Alikuwa amenunua pakiti moja kwangu na nyingine njiani akitoka Kongowea, zote ameziweka pamoja. Sikuweza kumwambia "kula" wala "mwaga". Alikuwa na wajukuu wanne wa kulisha jioni ile. Nilimpa pakiti nyingine kwa mkopo, na ule wa ndooni tukaumwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba, si kwa kuku. Huenda tulimwaga unga mzima kabisa. Kipande cha karatasi kingemwokolea hela yake.

Nawaomba basi: unga, mchele, sukari, maziwa ya unga, chochote unachokihamisha kwenye chombo, kata kile kipande cha pakiti chenye muhuri na nambari ya kibali ukitie ndani ya chombo hichohicho. Pakiti mpya usiichanganye na ya zamani mpaka ya zamani iishe.

Si nikiupika vizuri ugali sumu inakufa?

Haifi, kwa sababu si kijidudu. Aflatoksini, wengine huiita sumukuvu, ni kemikali inayoachwa na kuvu aliyeota kwenye mahindi, karanga au nafaka nyingine iliyohifadhiwa na unyevu. Kuvu mwenyewe atakufa kwa moto, alichokiacha kitabaki. Kusonga, kuchemsha, hata kukaanga hakutoshi kuiondoa. Kukoboa kunapunguza kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini, lakini kupunguza si kumaliza.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni, ni gramu moja tu iliyotawanyika ndani ya magunia kama 1,100 ya kilo 90. Huioni, huinusi, huionji. Ndiyo maana namkatiza yeyote anayeniambia "mimi unga mbaya naujua kwa ulimi."

Madhara yako ya namna mbili. Ukila nyingi kwa mpigo, ini huharibika kwa siku au wiki chache: macho manjano, tumbo kujaa, kutapika. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui, Machakos na Thika waliugua watu 317 na wakafa 125, wengi kwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, hatari yako ya saratani ya ini hupanda, na zaidi ukiwa na homa ya ini aina ya B.

Mahindi yaliyoota kuvu msimpe ng'ombe wala kuku mkidhani mmeokoa kitu. Ng'ombe akiyala, sumu hupita kwenye maziwa, na kuchemsha maziwa hakuiondoi.

Mimi hununua mahindi nikasaga mwenyewe. Pakiti sina kabisa.

Basi mkaguzi ni wewe, na kazi yako ni kwenye punje. Tandaza kwenye ungo, toa zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Sumu hukusanyika sana kwenye hizo. Usinunue yaliyokwisha kusagwa ya bei ya kutupa, kwa sababu punje mbovu ikishasagwa haionekani tena.

Unyevu unaweza kuupima nyumbani. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, tia mahindi konzi mbili, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika kadhaa. Iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Ikianguka chini yote, yako chini ya asilimia 15. Kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, na kwa joto letu la pwani lenye mvuke, gunia lililoegemezwa ukuta wa chini hurudi kuwa na unyevu haraka. Liinue juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tarehe imepita siku mbili. Nitupe?

Inategemea kilichoandikwa. BB, yaani "best before", ni ahadi ya ubora: biskuti iliyopita siku mbili itakuwa imelegea, haitakuua. EXP, yaani mwisho wa matumizi, hasa kwenye maziwa, nyama na dawa, usibishane nayo. Na mkebe uliovimba au unaotoa hewa kwa kishindo ukiufungua, tupa hata kama tarehe yake ni ya mwakani.

Samaki wa sokoni je? Hawa hawana KEBS wala tarehe.

Samaki wetu ndio wanaohitaji macho kuliko kitu chochote. Jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Hayo mnayajua tangu utotoni.

Lisilojulikana sana ni hili. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu, hata saa chache tu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Nayo pia haitoki kwa moto, wala kwa moshi, wala kwa friji. Mtu hula jodari aliyekaangwa vizuri kabisa, na baada ya nusu saa uso unamwiva, kichwa kinamgonga, mwili unamwasha, moyo unamwenda mbio. Watu husema "ana mzio wa samaki", na kumbe kosa ni la barafu. Ukionja nyama ikawa na ukali kama wa pilipili ambayo hukuitia, tema. Muulize muuzaji samaki alipandishwa lini na alilala wapi. Asiye na barafu mezani saa sita mchana, mimi humpita hata awe rafiki.

Wawili msiwale kabisa. Bunju ana sumu kwenye ini, mayai na ngozi, huanza kwa ganzi ya midomo na inaweza kumaliza pumzi, na dawa yake ya kuivunja haipo. Na kasa: Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watu tisa, wanane wao watoto, kwa kula nyama ya kasa, na 78 wakalazwa. Hapa Kenya kasa analindwa na sheria, lakini hata lau asingelindwa, nyama yake haina njia ya kuijua iliyo salama.

Wali wa nazi wa jana naweza kuupasha?

Ukilala kwenye sufuria juu ya meza, usiupashe, umwage. Tui huchacha upesi, lakini hata kabla hujasikia uchachu, kuna bakteria wa mchele ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiupasha moto. Wali unaotaka kuuweka upakue mapema kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uutie kwenye friji ndani ya saa mbili. Ukiupasha, upashe mpaka utoe mvuke katikati, mara moja tu.

Kwenye harusi zetu hatari ni kubwa zaidi. Sufuria la biriani la watu 300 bado lina joto la maji ya kuoga katikati yake saa nane baada ya kuepuliwa, na nyama iko humo. Nimeona nyumba nzima ya maharusi inaharisha siku ya pili, watu wakasema ni kijicho. Gawanyeni masazo kwenye masinia usiku uleule. Wapishi wamechoka, najua, lakini vijana wa kubeba viti wapo.

Mabuyu, achari, mihogo ya Lighthouse, sharubati. Utatukataza na hivyo?

Sitawakataza, mimi mwenyewe ni mtu wa mihogo na pilipili ya unga. Tazama maji. Bakuli la kusuuzia glasi likiwa na maji ya rangi, sharubati hiyo iache. Barafu iulize ni ya maji gani. Anayepika na kuuza chakula anatakiwa awe na cheti cha kupimwa afya, kinachorudiwa kila miezi sita. Si utovu wa adabu kumuomba akuonyeshe.

Mabuyu ya watoto yenye rangi ya kubakia vidoleni siku mbili siyapendi. Iko rangi ya chakula na iko rangi isiyokuwa ya chakula, na mtoto hawezi kuzitofautisha. Nunua kwa mtu unayejua jikoni kwake.

Maji ya mkokoteni yachemshe mpaka yatokote kwelikweli, au tia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Wakati wa kipindupindu fanya hivyo hata kwa ya kupigia mswaki.

Tunakaa mji wa bandari. Vitu vibovu vinavyozuiliwa pale Kilindini huishia wapi?

Swali halali. Vinatakiwa kuharibiwa, au kurudishwa, au kugeuzwa matumizi mengine. Si mara zote. Sukari iliyoletwa 2018 na kukutwa haifai iliamuliwa igeuzwe kuwa spiriti ya viwandani, lakini Mei 2023 ikabainika magunia 20,000 ya kilo 50 yametolewa kinyume cha utaratibu, na maafisa 27 wa serikali wakasimamishwa kazi. Tangu hapo sukari ya kupima isiyojulikana gunia lake siigusi, na bidhaa ya nje isiyo na kibandiko cha KEBS cha bidhaa za nje naiacha hata bei iwe nusu. Bei ikishuka ghafla bila sababu, sababu ipo.

Nimetumiwa WhatsApp kwamba kuna mchele wa plastiki.

Bonge la wali kudunda si plastiki, ni wanga. Plastiki haivuti maji wala haivimbi ikichemshwa. Tangazo la kweli lina jina la bidhaa, bechi, tarehe na ofisi iliyolitoa, na utalikuta kwenye kurasa za ofisi hiyo yenyewe. Sauti ya mtu anayesema "sambaza kabla hawajaifuta" usiisambaze. Uvumi huu unachosha watu, na siku ya tangazo la kweli hawasikii.

Nimekula kitu nikaugua. Nianzie wapi?

Anza na mwili wako. Ukiharisha au kutapika, kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto mchanga, mjamzito, mwenye damu kwenye choo, aliyekaukiwa mkojo, mwenye macho manjano au ganzi ya midomo, huyo ni wa hospitali sasa hivi.

Kisha hifadhi ushahidi. Masazo yafunge kwenye mfuko, uandike tarehe, yatie kwenye friji mbali na chakula kingine. Weka pakiti na risiti, na upige picha ya muhuri wa bechi.

Halafu toa taarifa. Chakula cha hotelini, buchani au mtaani ni cha bwana afya wa kaunti. Muulize katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Bidhaa ya kiwandani ni ya KEBS, simu 1545, bila malipo. Dawa ni ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Mwenye duka amekataa kunirudishia pesa.

Mwonyeshe kifungu cha 46 cha Katiba: una haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari, ya kulindwa afya yako na ya kufidiwa ukidhurika. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Akizidi kukataa, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, au nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Lakini kwanza zungumza naye kwa utulivu. Wengi wetu wa rejareja tulikuwa tunakataa kwa sababu msambazaji alikuwa haturudishii sisi. Ukimpa pakiti yenye bechi, naye anapata cha kumwonyesha msambazaji.

Na hicho kipande cha pakiti nikae nacho mpaka lini?

Mpaka chakula kiishe, na mwezi mmoja zaidi. Kikate kwa mkasi, usirarue muhuri. Mimi vyangu navibana kwa kibanio cha nguo nyuma ya mlango wa jikoni.